Nchi ya Wangojao Kiti

Katika chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba mtu akiota ndoto ya kutisha asiisimulie. Atatema mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ataomba kinga kwa Mola wake, kisha atanyamaza. Nami nimenyamaza miezi saba. Lakini kila nikiigeuza ndoto ile moyoni naona haikutoka kwa adui, maana sijasikia adui wa mwanadamu akimwamsha mtu ili akamfanyie jirani yake wema. Kwa hiyo naiandika kwa mkono wangu, kwa elimu yangu hii ya darasa la saba, na atakayeisoma asitafute humu maneno makubwa. Nitasema niliyoyaona, basi.

Jina langu ni Namkunda, mjane wa marehemu Sechambo, wa Kwamrutu huku milimani Upare. Juu ya kijiji chetu kuna ndiva, yaani bwawa la udongo na mawe ambalo babu zetu walilijenga kukinga maji ya kijito. Usiku linajaa, asubuhi linachomolewa kizibo, na maji yanateremka kwa mifereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Zamu hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa kichwani mwa mzee Mbonea, mwenyekiti wa ndiva, na ni yeye peke yake aliyesema leo wa huku, kesho wa kule. Mzee Mbonea akafariki. Tukamzika, tukasoma hitima, na tangu siku ile hakuna aliyegusa kizibo, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuambiwa amejipa ukubwa. Huko chini mahindi yakajikunja majani kwa kiu, huku juu ndiva ikajaa mpaka ikawa inalamba ukingo, nasi wanawake tukichota kwa ndoo na kurudi kimya kama watu wanaopita jirani na mgonjwa.

Siku ya tisa, asubuhi, niliweka ndoo chini nikaona kitu mguuni pa ukuta. Maji yalikuwa yakitoka katikati ya mawe, membamba kama mkia wa panya, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Marehemu mume wangu alitengeneza ukuta ule kila mwaka maisha yake yote, na aliniambia si mara moja: "Ukuta ukitoka jasho jeupe, uache, unapumua. Ukitoka tope, ujue unaliwa kwa ndani." Nikatazama chini ya mteremko. Nyumba ya kwanza kabisa, hapo ambapo maji yangepita kama yangeamua kupita, ni ya mwanangu Twaha. Yeye yuko Tanga kwa kazi. Ndani alikuwamo mkewe Hidaya, mzazi wa siku kumi na mbili, amelala na kichanga chake kwenye joto la uzazi, hana habari.

Nikaenda dukani, kwenye benchi lile wanapokaa wanaume. Senkondo, katibu wa kamati ya ndiva, alikuwapo, na wenzake wanne.

"Shikamooni. Ukuta wa ndiva unatoa tope," nikasema.

"Marahaba, Mama Twaha," akajibu Senkondo, hakuinua hata macho. "Kamati imevunjika kwa msiba. Uchaguzi ni Jumanne ijayo. Tutalijadili."

"Jumanne ukuta utakuwa umeshateremka, baba."

"Kwani wewe umeshakuwa injinia?"

Mmoja akadakia, "Mwacheni bibi wa watu, anakitaka kiti cha Mbonea kabla hakijapoa!" Wakacheka mpaka mwenye duka akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini. Senkondo akafuta machozi ya kicheko, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Mama, tukifungua leo, maji ni ya zamu ya nani? Unataka kutugombanisha, na mzee hata arobaini yake haijafika?"

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Samahanini. Nilikuwa nasema tu."

Nikarudi nyumbani na neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nasema tu. Nikatawadha, nikaswali adhuhuri, na sijui niliswali rakaa ngapi. Nilipotoa salamu nikajilaza palepale juu ya mswala nipumzishe mgongo kidogo. Nje mbuzi wa jirani alikuwa akilia. Kisha sikumsikia tena.

Nikajiona nimesimama kwenye uwanda mweupe usio na mwisho, na jua liko utosini. Halikuwa jua la kupendeza. Lilikuwa limesimama tu, halisogei, na nilipotazama miguuni sikuona kivuli changu. Nikageuka huku na huku nikikitafuta kama mtu aliyedondosha ufunguo. Ndipo nikasikia hatua nyuma yangu. Nikitembea zinatembea, nikisimama zinasimama. Nikageuka ghafla, nikaona mnyama, mrefu wa miguu, mkavu wa mbavu, asiye na macho kabisa, lakini masikio yake yalikuwa makubwa na yanachezacheza upande huu na huu, yanasikiliza. Nilijua jina lake bila kuambiwa. Alikuwa Hofu. Nikakimbia. Sijawahi kukimbia vile tangu usichana wangu, na kanga ikanivuka nikaiacha, lakini kila nilipogeuka umbali wetu ulikuwa uleule, hatua tatu, wala yeye hakuwa akihema.

Nikamgonga mtu. Alikuwa mwanamke amebeba karai la udongo mbichi kichwani, na maji ya udongo yalikuwa yakimchirizikia usoni hata sura yake haionekani, isipokuwa meno anapotabasamu. "Taratibu, mwanangu," akaniambia. "Utamwaga mzigo wa watu."

"Bibi, kuna mnyama!"

"Namwona. Yule hakuli. Mimi naitwa Nia. Nimetumwa nikutembeze nchi hii, kwa sababu leo asubuhi uliniita, kisha ukanifukuza mbele ya watu."

"Mimi? Lini?"

"Uliposema samahanini," akajibu, akaanza kwenda, nami nikamfuata kwa kuogopa kubaki peke yangu na yule wa nyuma.

Tukafika mahali penye watu wengi mno, wamepanga mstari unaopotea machoni. Mbele ya mstari kulikuwa na kiti kimoja kirefu, cha mti mweusi, kimetandikwa zulia, na juu yake hakuna mtu. Nilidhani wamekaa kimya, lakini nilipokaribia nikasikia kila mmoja ananong'ona shida yake kwenye kisogo cha aliye mbele yake: paa linavuja, daraja limeoza, mtoto ameanguka kisimani. Huyo wa kisimani alikuwa mwanamume mzima, ana kamba imara mabegani. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, kamba si hiyo? Kisima kiko wapi?" Akanionyesha. Kisima kilikuwa hatua kumi kutoka alipo. "Sasa?" nikamwambia. Akanitazama kwa mshangao, kama nimetukana. "Nani kanituma mimi? Namngoja mwenye kiti aniambie niende." Nikainama nikaona miguu yake. Ilikuwa imeota mizizi, mizizi myeupe membamba, na imeingia ardhini mpaka magotini. Nikatazama miguu ya mwingine, na mwingine. Wote. Na kutoka kisimani, wallahi, hakukuwa na sauti tena.

Kando ya kiti alikuwa amesimama bawabu, mnene, mwenye sauti nzuri ya redio, anaitwa Ngoja. Kila baada ya muda alikuwa akipaza sauti, "Mambo yanashughulikiwa!" na mstari mzima unaitikia kwa kushusha pumzi, kama watu waliopewa chakula. Akaniona, akaniita kwa mkono. "Mama, nafasi yako ipo, nyuma ya huyu bwana. Hapa hakuna lawama. Mtu aliye kwenye mstari hajawahi kulaumiwa." Maneno yake yalikuwa laini, na miguu yangu ilikuwa imechoka, na nilihisi nyayo zangu zinaanza kuwasha kwa chini, kama mbegu inayopasuka. Nia akanivuta mkono kwa nguvu mpaka nikasikia kitu kinakatika unyayoni, na nikalia kwa maumivu.

"Hicho kiti ni cha nani?" nikamwuliza tulipokuwa mbali.

"Cha yeyote atakayekuwa amekaa. Kiti si kibaya, mwanangu. Watu wema wamekikalia, na Mbonea wenu alikuwa mmoja wao. Lakini hawa wamekifanya kitu ambacho hakikuumbwa kuwa. Wamekipa macho yao kiwaonee, na masikio yao kiwasikilizie, kisha wanashangaa kwamba ni mti mtupu."

Mbele kidogo tukakuta nyumba safi, imefagiwa, ina harufu ya udi. Akatoka mama mmoja wa makamo, amejitanda vizuri, mpole, macho chini. Nilimpenda mara moja, maana alifanana na nilivyotaka watu wanione. Akanikumbatia. "Karibu, dada yangu. Mimi ni Staha." Nikasikia Nia nyuma yangu anaguna. Yule mama akaniketisha, akanipangusa vumbi usoni kwa ncha ya mtandio wake, akaanza kunisifu: mjane mtulivu, hujagombana na mtu, hakuna anayeijua sauti yako, hiyo ndiyo heshima ya mwanamke. Kila sifa moja aliifuatisha na kupangusa midomo yangu. Nilitaka kumwambia ahsante. Nikajaribu kufungua mdomo, haukufunguka. Nikapeleka mkono usoni, nikapapasa, pua ipo, kidevu kipo, na katikati yake ngozi nyororo tu, hakuna kitu. Nikatazama ukutani. Kulikuwa na wanawake wamekaa safu nzima, wamevaa vizuri, wametulia, na hakuna hata mmoja mwenye mdomo, na macho yao yote yalikuwa yakipiga kelele.

Nikajitupa chini nikigaragara. Nia akachota udongo kwenye karai akanipaka usoni, baridi, mzito, na udongo ulipogusa ngozi ile ikapasuka nikapata pumzi. "Huyu si Staha," akasema, bila hasira. "Staha ni dada yangu, namjua; yeye humfundisha mtu asijitukuze. Huyu ameiba nguo zake. Kazi yake ni kumfundisha mtu asihesabike, na ndiyo maana nyumba yake haina mlango wa kutokea, ukitoka unatokea dirishani, umechafuka."

Tukatoka dirishani, nami nimechafuka kweli. Yule mnyama alikuwa akinisubiri nje, hatua tatu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa juu ya kilima, na huko ndiko nilikoogopa kuliko kote, ingawa hapakuwa na kitu cha kutisha kwa macho. Mwenyeji alikuwa mzee nadhifu, mwenye miwani, jina lake Nilisema. Alinipokea kwa heshima kubwa. "Wewe ndiye uliyewaambia leo asubuhi, sivyo? Wakakucheka? Vizuri sana! Vizuri sana! Umefanya sehemu yako." Akaniletea kiti, kiti chenye mto. "Hapa huna haja ya kufanya lolote lingine. Keti utazame." Akafungua dirisha.

Nikaona Kwamrutu. Nikaiona ndiva yetu ikiwa tupu, na ukuta una tundu kubwa kama kinywa, na chini yake mteremko wote umekuwa tope, jekundu, linang'aa juani. Pale palipokuwa na nyumba ya Twaha palikuwa na kona moja ya bati imechomoza. Watu walikuwa wamesimama pembeni, mikono kichwani. Senkondo alikuwa amepiga magoti. Na mbele yao nikamwona mwanamke amevaa kanga yangu, anasema jambo. Sikumsikia, lakini niliusoma mdomo wake. Alikuwa akisema, "Niliwaambia." Kisha akageuka upande wangu nikauona uso wake, na ulikuwa uso wangu, na chini ya yale machozi yote, chini kabisa, kulikuwa na kuridhika.

Nimefiwa na mume, nimezika watoto wawili. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa uso ule.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Nia! Nitoe hapa! Nitoe!" Tukatoka mbio, na nyuma Nilisema anatuita kwa upole kwamba mto ule atauweka, nikirudi nitaukuta.

Tulipofika bondeni nikaanguka kwa magoti. Hofu naye akafika, akasimama, hatua tatu, masikio yakicheza. Nikamwambia Nia, nikilia, "Mfukuze basi huyu kwanza. Huyu akiondoka nitaweza."

"Siwezi, na ningeweza nisingemfukuza. Leo asubuhi wanawake kumi na wanane walichota maji pale. Nani aliyekuinamisha wewe uutazame mguu wa ukuta?"

Nikamtazama yule mnyama. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba masikio yake hayakuwa yameelekea kwangu. Yalikuwa yameelekea mbele, kule tunakokwenda.

"Huyo ni mlinzi," akasema Nia. "Umemkimbia siku zote kwa sababu hukumpa kazi. Mpe abebe." Akashusha karai kichwani kwake, akaliweka mgongoni mwa Hofu, na Hofu akalikubali kama punda aliyezoea.

"Na mimi je? Mimi si mwenyekiti. Mimi ni nani?"

"Wewe ndiye uliyeona. Sikupi ukubwa wowote, Namkunda, usije ukadanganyika ukiamka. Nakupa kilicho chako tangu asubuhi. Mtu akiona, akanyoosha mkono, akamwomba jirani yake aunyooshe wake, amekwisha kuongoza, hata kama hakuna atakayemwita kwa jina hilo mpaka afe. Sasa tazama."

Nikatazama. Mbele yetu kulikuwa na ukuta ambao hapo awali sikuuona, mrefu hadi mbinguni, na katikati yake ufa, na kwenye ufa tope linatoka, jembamba. Nikasikia nyuma ya ukuta sauti ya maji mengi yanayopumua. "Zuia," akasema Nia. Nami, badala ya kunyoosha mkono, nikageuka nyuma. Sijui kwa nini. Mazoea tu. Nikageuka kutafuta kama kuna mtu mzima, mwenye cheo, mwenye mhuri, nimkabidhi. Uwanda ulikuwa mtupu. Nikaita, "Jamani! Hakuna mkubwa hapa?" Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, nikageuka, na ukuta ulikuwa unakuja.

Nikaamka kanga imelowa jasho, kipaji cha uso kimekwaruzwa na mswala. Nikatema mate kushoto mara tatu, nikaomba kinga. Mbuzi wa jirani bado alikuwa akilia. Sikuwa nimelala hata nusu saa.

Nikakaa pale chini, na maana yake ikanijia, polepole, kama macho yanavyozoea chumba chenye giza. Asubuhi nilikuwa nimekwenda dukani kuomba ruhusa. Niliwaambia habari za ukuta, nikawangojea waniambie la kufanya, na waliponinyima nikaona nimemaliza. Sikumwomba mtu yeyote mikono yake. Hata mmoja. Kizibo cha ndiva ni gogo, halichomoki kwa nguvu za mwanamke mmoja, lakini wanne wanatosha, na mimi nawajua wanawake wote wa Kwamrutu kwa majina. Kumbe kiti kile kilichoniogopesha nilikuwa nimekibeba mwenyewe mpaka dukani nikakiweka mbele ya Senkondo.

Nikaenda kwanza kwa Hidaya. "Inuka, mwanangu, chukua mtoto, nenda kwangu." Akashtuka. "Mama, mimi ni mzazi, sijatimiza arobaini, nitatokaje nje?" "Jifunike. Watakaosema, waje kwangu." Sikuitambua sauti yangu.

Kisha nikaingia kwa jirani yangu Zaina, alikuwa anapepeta mchele. "Zaina, nataka mikono yako."

"Ya kufanyia nini, shoga?"

"Tukachomoe kizibo."

Akaacha ungo. "Wee! Umerukwa na akili? Nani kakutuma?"

"Hakuna. Ukuta unaliwa. Naogopa, Zaina, tazama magoti yangu. Twende."

Alinitazama magoti. Yalikuwa yanagongana kweli. Sijui aliona nini, lakini alijifunga kanga kiunoni, akatoka mlango wa nyuma akawaita wake wawili wa wanawe, akiwatukana kwa uzembe wao kabla hata hawajajua wanaitwa kufanya nini. Tukapanda. Tulivuta lile gogo mpaka viganja vikachubuka, na mara ya kwanza halikuja, na mara ya pili halikuja, na Zaina akasema marehemu Mbonea amelikalia, tukacheka, na katika kile kicheko likachomoka, tukaanguka chali wote wanne ndani ya matope.

Maji yakanguruma mferejini. Baada ya siku tisa za ukimya, mlio ule ulisikika mpaka barabarani, na haukupita muda wanaume wakaja mbio, wengine na majembe, Senkondo mbele, hasira zimempanda. "Nani kafungua? Nauliza, nani kafungua?"

Zaina akanitazama. Wote wakanitazama. Niliona kila mmoja wetu anaweza kusema tumekuta hivi, na ingeaminika.

"Mimi," nikasema. "Teremka hapa, baba, utazame."

Akateremka. Akaingiza mkono kwenye lile tundu mguuni pa ukuta, na mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko, na bado haukugusa mwisho. Akautoa, akawaonyesha wenzake ulivyojaa tope.

Nikawaambia wenye majembe wakachimbe udongo wa mfinyanzi kule kijitoni, na wanawake wabebe, kwa sababu ndivyo marehemu mume wangu alivyokuwa akifanya. Niliongea haraka ili nisije nikasikia mwenyewe ninachosema. Nilitegemea kicheko, na kicheko hakikuja. Walikwenda. Kisha yuleyule bwana aliyesema nakitaka kiti kabla hakijapoa akarudi hatua mbili, amepakata jembe kifuani, akanikaribia, akashusha sauti.

"Mama Twaha," akaniuliza, "haya maji yaliyofunguka, tuyapeleke kwa nani kwanza?"

Nikageuza macho chini bondeni, nikayatazama mashamba yote moja baada ya jingine, nikitafuta lililokauka kuliko mengine.